Pedali zangu za gitaa, amplifaya mbili na pikapu: zinazobaki na zinazoondoka

Wiki iliyopita niling'oa kila kitu kwenye ubao wa pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, nikafuta vumbi, nikapanga vyote sakafuni, nikaanza kuvipiga kimoja kimoja kana kwamba ndiyo kwanza vimetoka kwenye boksi. Nimepiga gitaa la solo kwenye bendi kwa miaka mingi na vifaa vimeongezeka kidogo kidogo, vingine kwa tamaa, vingine kwa shida ya kweli. Nilitaka kujua kipi kinafanya kazi na kipi kinakula nafasi. Nikajiwekea sharti moja: hakuna kifaa kitakachohukumiwa chumbani peke yake. Kila kimoja nimekipiga nyumbani, halafu nikakipeleka mazoezini kikakutana na ngoma, besi, kinanda na gitaa la rithimu. Ninayoyaandika hapa ni majibu ya mazoezini, maana mara nyingi yalipingana kabisa na yale ya nyumbani.

Mfano mkubwa ni Ibanez Tube Screamer, TS9, pedali ya ovadraivu, yaani ya mkwaruzo mwepesi. Ukiwa nayo peke yako chumbani utaichukia. Besi inapungua, sauti inajikusanya katikati kama ya mtu anayesemea puani, na hata ukifungua kinobu cha draivu hadi mwisho haikupi ule mkwaruzo mnene unaoutamani. Mwezi wa kwanza nilikaribia kuiuza. Kumbe saketi yake imepangwa ikate sauti nzito na kuinua zile za kati, karibu na hezi 720, na hapo ndipo gitaa linapopata mahali pake ndani ya bendi. Huko chini wapo besi na ngoma ya mguu, huko juu yapo matoazi. Gitaa linaloshuka na besi nyingi linagombea chumba na watu waliokwisha kukaa. Siku niliyoikanyaga kwa mara ya kwanza katikati ya wimbo, mpiga besi aligeuka akanitazama, si kwa sababu ya gitaa langu, bali kwa sababu ghafla alianza kujisikia mwenyewe vizuri.

Naiweka hivi: draivu robo, toni nusu, sauti robo tatu. Kazi yake kwangu ni kuisukuma amplifaya ya valvu (bomba za kioo zinazokuza sauti) iliyokwisha kuanza kukwaruza yenyewe, na valvu zinamalizia. Kuna ubishi mrefu kati ya TS808 ya mwanzo na TS9 iliyotoka 1982, na ubishi mwingine kuhusu chipu ya JRC4558 iliyo ndani yake. Nimezipiga zote mbili kwa mkono huuhuu na gitaa hilihili. Nikibadilisha uzito wa piki, sauti inabadilika zaidi kuliko nikibadilisha pedali hizo.

ProCo RAT, pedali ya distoshani, yaani ya mkwaruzo mzito, nayo inabaki, tena bila mjadala. Kinobu chake cha filta huwachanganya wengi: kinakwenda kinyume, ukikizungusha kulia sauti inazidi kufifia badala ya kung'aa. Ukishakizoea hicho, una pedali tatu ndani ya boksi moja. Distoshani ikiwa chini inakuwa ovadraivu yenye makali kidogo. Ikifika nusu inakuwa distoshani kamili ya rifu nzito. Ikifika mwisho inapasuka na kuchanika kama fazi, ile pedali ya mkwaruzo wenye manyoya. RAT za awali zilitumia chipu ya LM308, chipu ya polepole isiyoweza kuifuata sauti inapopanda kwa kasi, na huo upole ndio unaozungusha ncha kali zisichome masikio.

Fazi yangu imetengenezwa kwa mkono kwa kufuata mchoro wa Fuzz Face ya 1966: transista mbili za jemani (germanium), vinobu viwili, basi. Hakuna pedali ninayoipenda zaidi na hakuna inayohitaji kubembelezwa zaidi. Ukipunguza voliumu ya gitaa kidogo tu, kutoka kumi hadi saba, ule mngurumo wa manyoya unajikunja wenyewe na kubaki sauti safi yenye kumetameta, bila kugusa pedali kwa mguu. Lakini jemani haipendani na joto. Tulipiga onyesho la mchana, ubao ukakaa juani saa nzima, na nilipoikanyaga kwa solo ya kwanza sauti ikatoka imekabwa, inakatika kabla noti haijaisha. Niliiweka kivulini chini ya kitambaa, na baada ya nyimbo tatu ikarudi kuwa yenyewe. Tangu hapo ikiwa onyesho ni la juani, RAT inachukua zamu yake.

Jambo la pili kuhusu fazi hii ni umeme wake. Transista zake ni za aina ya PNP, kwa hiyo upande wake wa ardhi ni chanya, tofauti na pedali nyingine zote kwenye ubao. Ukiichomeka kwenye adapta moja yenye matawi pamoja na wenzake, unaunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Mimi naipa betri yake ya volti 9. Nikimaliza kupiga nachomoa jeki ya upande wa gitaa, maana jeki ikibaki pale betri inaliwa usiku kucha hata kama taa imezimwa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye umeme, hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko sehemu yoyote. Kwa mwaka mzima nilikuwa na mluzi mwembamba nyuma ya sauti yangu, wii isiyokoma, unaopanda kila nikiwasha ovadraivu. Nilibadilisha kebo zote. Nilifungua gitaa nikalifunika ndani kwa karatasi ya shaba. Nilimlaumu mwenye ukumbi, nikamlaumu mwenye jenereta. Siku moja nikiwa nimechoka nikachomoa dilei, pedali ya mwangwi, kwenye adapta ili niipeleke kwa fundi, mluzi ukafa papo hapo. Nikairudisha, ukarudi. Pedali za dijitali zina saa ya ndani inayopiga kwa kasi kubwa, na zikila kutoka waya mmoja na pedali za analogi, kelele hiyo inasafiri kwenye njia ya umeme hadi kwenye ovadraivu, ambayo kazi yake ni kukuza kila inachopewa. Adapta ile haikuwa mbovu, haikufaa kwa kazi ile. Nikanunua kisanduku cha umeme chenye njia zilizotenganishwa, kila pedali na tundu lake. Angalia pia miliampea: ovadraivu inatosheka na chini ya 10, pedali ya dijitali inaweza kutaka mia na zaidi. Hakuna pedali iliyoboresha sauti yangu kama kisanduku hicho kisichopiga noti hata moja, na kama una pesa ya kitu kimoja tu, nakuomba uanze nacho.

Kebo zifuate. Kila mita ya kebo ya gitaa inabeba takriban pikofaradi mia moja, na pikapu za kawaida, zile koili zenye sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, huzihisi zote: kebo ikiwa ndefu, ule mng'ao wa juu unaondoka kidogo kidogo. Ubao wangu wa zamani ulikuwa na pedali za kupitisha moja kwa moja peke yake, sauti haiguswi pedali ikizimwa, na nilijivunia hilo. Lakini pedali zote zikiwa zimezimwa, gitaa lilikuwa linasukuma mita sita kwenda na sita kurudi, na sauti ilifika imevaa blanketi. Boss TU-3, ile ya kutunia, ina bafa ndani yake, saketi inayoipa sauti nguvu ya kupita kebo ndefu, na ndiyo iliyoniokoa. Naiweka baada ya fazi, kamwe si kabla, kwa sababu fazi ya jemani inataka kuishika pikapu yenyewe bila mtu kati. Ukitanguliza bafa, ule ujanja wa voliumu nilioueleza unapotea.

Dilei ninazo mbili na zote zinabaki kwa kazi tofauti. MXR Carbon Copy ni ya analogi, inafika milisekunde 600, na kila mwangwi unarudi na giza zaidi kuliko uliotangulia, kwa hiyo hausimami mbele ya noti mpya. Hiyo ndiyo ya solo. Boss DD-3, yenye hadi milisekunde 800, inarudisha noti karibu kama ulivyoipiga, na inafaa pale mwangwi unapokuwa sehemu ya mdundo. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Weka dilei kwenye 375, piga noti za nusu pigo, na gitaa moja litasikika kama mawili yanayosukana. Ukikosea kwa milisekunde 20 mpiga ngoma atakuwa wa kwanza kukunja uso.

Amplifaya sasa. Fender Deluxe Reverb yangu ni toleo jipya la ile ya 1965: wati 22, valvu mbili za 6V6 za nguvu, spika moja ya inchi 12. Wanaoona wati 22 na kucheka hawajasimama mbele yake ikiwa kwenye sita. Kwenye tatu ni safi kama kengele. Ikivuka nne inaanza kujibu mkono, ukigonga kwa nguvu inakwaruza, ukipapasa inatulia. Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha ni kwamba haina kinobu cha sauti za kati. Ina trebo na besi tu, na kwa asili yake imechimbwa shimo katikati. Sasa kumbuka Tube Screamer inaongeza nini. Ndiyo maana wawili hawa wameoana kwa miaka yote hii, pedali inajaza shimo lile lile lililoachwa na amplifaya. Mtu aliyeipiga TS9 kwenye amplifaya yenye sauti nyingi za kati akasema ni mbaya, hakudanganya, aliisikia kwenye ndoa isiyokuwa yake.

Roland JC-120 ni mnyama mwingine. Ilitoka 1975, haina valvu, ina amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12. Korasi yake, ule mtikisiko unaofanya gitaa moja lisikike kama mengi, haichanganywi ndani ya waya: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa ile inayoyumba, na zinakutana hewani, mbele ya masikio yako. Simama hatua tatu mbele yake, piga kodi moja ya wazi uiache ife. Utasikia chumba kinapumua. Usafi wake hauna mfano, lakini haisamehe. TS9 inasikika nyembamba mbele yake. RAT pekee ndiyo iliyoivumilia, filta ikiwa imevutwa hadi robo tatu. Na mgongo wako utaijua, ni mzigo wa watu wawili.

Nikirekodi Deluxe natumia maikrofoni ya Shure SM57, si katikati ya koni bali vidole viwili kuelekea ukingoni. Katikati panachoma.

Nimeziacha pikapu mwisho na pengine ndizo zingekuwa mwanzo, kwa sababu hakuna pedali inayoweza kurudisha kitu ambacho pikapu haikukichukua. Gitaa langu kuu lina hambaka mbili. Ni uvumbuzi wa Seth Lover wa Gibson, aliyeomba hati miliki 1955: koili mbili zilizofungwa kinyume, kila moja na ncha yake ya sumaku, mngurumo wa umeme unajiua na sauti ya nyuzi inajumlishika. Nyuma niliweka hambaka ya Seymour Duncan JB, yenye ukinzani wa takriban kilo-omu 16, nikaiacha ya mbele iliyokuja na gitaa, ya mtengenezaji mwingine. Kila moja peke yake ilisikika vizuri. Nilipoweka swichi katikati, zote mbili pamoja, sauti ikakonda, besi yote ikatoweka, kama redio ndogo ndani ya kopo.

Nilidhani nimechoma waya. Kumbe zilikuwa zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. JB ina waya nne za rangi na moja ya uchi. Nyeusi ndiyo inayobeba sauti, kijani inakwenda ardhini, nyekundu na nyeupe zinaunganishwa pamoja. Nikageuza nyeusi na kijani, ile ya uchi nikaiacha ardhini, tone mbili za lehemu. Nikafunga, nikapiga kodi, na ile nafasi ya katikati ikajaa kama maji yanayorudi mtoni. Baadaye mbele niliweka '59 ya Seymour Duncan, laini zaidi, na sasa ndiyo ninayoanzia nyimbo nyingi. JB niliishusha kwa bisibisi karibu milimita mbili. Ikiwa juu sana inaisukuma Deluxe mapema mno na nyuzi zinakosa pumzi.

Inayoondoka ni moja, Boss CE-2W. Ni korasi nzuri sana, tatizo ni langu: nikiwa na JC-120 siihitaji, na nikiwa na Deluxe solo yangu inarudi nyuma ya kinanda kila nikiiwasha. Nimempa mpiga rithimu. Juzi aliipiga kupitia Deluxe yangu, riverbu (mwangwi kama wa chumba) kwenye mbili na nusu, kodi za wazi, mkono mwepesi, na mimi nikiwa nimekaa juu ya boksi la ngoma nilihesabu nyuzi zake zote sita.