Uzoefu wangu na mwongozo wa kusomea "An Inspector Calls"

Nimeutumia mwongozo huu mwanzo hadi mwisho na wanafunzi wa GCSE (mtihani wa sekondari) nchini Uingereza wanaosoma tamthilia ya An Inspector Calls ya J.B. Priestley. Ndani ya boksi mna vitu vinne: matini kamili yenye maelezo pembeni, karatasi ndefu ya mfuatano wa matukio, rekodi ya sauti ya igizo zima, na kadi 60 za dondoo. Karatasi ya mfuatano peke yake inastahili bei yote. Maelezo ya pembeni ni mazuri na rekodi inasaidia ukiitumia kwa mpango. Kadi zina makosa yanayompotezea mtahiniwa alama.

Kwa asiyeifahamu tamthilia yenyewe: ni jioni moja ya mwaka 1912 katika mji wa viwanda wa kubuni uitwao Brumley. Arthur Birling, mwenye kiwanda, anasherehekea uchumba wa binti yake Sheila na Gerald Croft, mtoto wa tajiri mkubwa kuliko yeye. Anaingia Inspekta Goole na habari kwamba msichana aitwaye Eva Smith amekunywa dawa ya kuua vijidudu akafa. Anawahoji mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeketi mezani anaonekana ana mkono wake katika maisha ya msichana huyo.

Ugumu wa kuisoma ni kwamba maisha ya Eva yanatufikia vipande vipande, kutoka vinywa tofauti. Mwanafunzi hujua nani alifanya nini, lakini hajui lini. Karatasi inayapanga: mwisho wa Septemba 1910 Birling anamfukuza kiwandani baada ya mgomo, miezi miwili hana kazi, Desemba anaajiriwa duka la Milwards, mwisho wa Januari 1911 Sheila anamfukuzisha kwa sababu alidhani amemcheka alipokuwa akijaribu nguo, Machi, akiwa sasa anajiita Daisy Renton, anakutana na Gerald katika baa ya Palace, Septemba Gerald anamwacha, Novemba anakutana na Eric, mtoto wa Birling, na wiki mbili kabla ya jioni ile, akiwa mjamzito, ananyimwa msaada na chama cha hisani anachokisimamia Bi Birling. Ukiitazama karatasi hii ukutani unagundua jambo ambalo insha nyingi hulikosa: familia haikula njama. Kila mmoja alimsukuma hatua moja tu, hajui mwenzake alifanya nini, kisha akaenda zake kula chakula cha jioni. Hapo ndipo hoja ya Priestley kuhusu uwajibikaji inaposimama, na mwanafunzi anaiona kabla hajafundishwa neno "dhamira".

Upungufu wa karatasi ni kwamba haina fedha, nami nashauri uongeze safu hiyo kwa penseli. Wasichana wa kiwandani walikuwa wakipata shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, wakaomba 25. Msomaji wa Kenya au Tanzania atapita hapo haraka akidhani shilingi ni sarafu ndogo kama ya leo, kumbe wakati ule peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni moja (na shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921 ilipewa thamani hiyohiyo). Sasa piga hesabu. Eric aliiba pauni kama 50 kutoka ofisi ya baba yake ili kumsaidia msichana yule. Hizo ni shilingi 1,000, yaani mshahara wa Eva wa zaidi ya wiki 44. Nyongeza ambayo Birling aliikataa, shilingi 2 na peni 6, ingelipwa kwa msichana mmoja wiki 400 kwa fedha hizo. Mwanafunzi akiweka hesabu hii katika aya ya tabaka, hahitaji tena kuandika kwamba "matajiri walikuwa wabinafsi". Tarakimu zimeshasema.

Maelezo ya pembeni yana nguvu zaidi kwenye maelekezo ya jukwaa, sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka. Mwanga unaanza ukiwa wa waridi na wa kupendeza, kisha Inspekta akifika unakuwa mkali na mweupe zaidi. Mwongozo unaonyesha pia kwamba kila sehemu ya tamthilia huanza palepale iliyopita ilipoishia: mwisho wa Sehemu ya Kwanza Inspekta anasimama mlangoni akimtaka Gerald aseme, na Sehemu ya Pili inafunguka kwa neno lilelile. Saa ya jukwaani na saa ya watazamaji ni moja, na hakuna mahali pa kupumulia. Umemkumbuka hata Edna, mtumishi wa nyumba, mwenye maneno machache sana lakini ndiye mfanyakazi pekee tunayemwona kwa macho, maana Eva haonekani kamwe.

Lakini muhtasari wa nyuma una kosa kubwa. Unasema Inspekta aliwaonyesha wote picha ya Eva. Si kweli. Picha aliiona Birling, akaiona Sheila, akaiona Bi Birling, kila mmoja kwa wakati wake. Gerald na Eric walipotaka kuichungulia walizuiwa, na Gerald alishtushwa na jina la Daisy Renton tu. Ukikosea hapo huwezi kuelewa Sehemu ya Tatu, Gerald anapouliza kama kweli ilikuwa picha moja na kama kweli alikuwa msichana mmoja. Muhtasari unalijibu swali hilo kwa uhakika, wakati mwandishi ameliacha wazi kwa makusudi. Futa sentensi hizo mbili kabla hujampa mtoto kitabu.

Kadi sasa. Wenye kukumbuka KCSE, mtihani wa sekondari wa Kenya, watajua swali la "weka dondoo hili katika muktadha wake", na kadi hizi hazikuzingatia somo hilo. Zina maneno na jina la msemaji basi. Mfano ni kadi ya Bi Birling kuhusu wasichana wa tabaka lile. Imechapwa kama sentensi iliyokamilika, ilhali kwenye matini Sheila anamkata mama yake katikati. Huko kukatwa ndiko kwenye maana: kizazi kimoja kinaendelea kuhukumu, kingine kimeanza kuona shimo lililo mbele. Kadi nyingine inaitaja tamthilia kuwa "igizo la mwaka 1912". Mwaka 1912 ni wa hadithi. Tamthilia iliandikwa Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, ikaonyeshwa kwanza katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1945, kisha London mwaka 1946. Birling anaposema vita havitakuja na Titanic haiwezi kuzama, watazamaji wa 1946 walikuwa wametoka kuzika watu wa vita viwili. Kinaya chote kinatoka kwenye pengo hilo la miaka. Mwanafunzi aliyeamini kadi huandika kwamba Priestley "alitabiri" vita, na msahihishaji anajua mara moja kwamba hakuelewa.

Nimeona njia ya kuziokoa. Chagua kadi 15 tu, na nyuma ya kila moja uandike kwa mkono mambo matatu: nani anaambiwa, nini kimetokea punde, na nani anamjibu au kumkatiza. Mtihani wa AQA, bodi mojawapo ya GCSE, hauruhusu kuingia na kitabu, na insha ya tamthilia hii inapewa takriban dakika 45, kwa hiyo dondoo fupi ya maneno manne inayojulikana vizuri ina faida kuliko ndefu inayokumbukwa nusunusu.

Rekodi ya sauti ni safi na waigizaji wanatamka vizuri, jambo linalomfaa sana anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Usianze nayo. Haionyeshi mwanga, haionyeshi picha inavyofichwa, wala Edna anavyoingia na kutoka. Soma kwanza sehemu moja kwa macho, maelekezo ya jukwaa yakiwa yamepigiwa mstari, halafu sikiliza sehemu hiyohiyo kitabu kikiwa wazi. Simamisha rekodi kila simu au kengele ya mlango inapolia, umwulize mwanafunzi nani ametulia na nani ameogopa. Sehemu tatu kwa namna hiyo huchukua vipindi sita vya saa moja.

Ukiupata wa mtumba, fungua kwanza mfuko wa nyuma uhakikishe karatasi ya mfuatano imo. Ndiyo inayopotea upesi, na bila hiyo bora ununue matini pekee.