Mizani ya elfu kumi na tano na shingo yangu

Nimeinunua Mtwara mjini kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Muuzaji alianzia 20,000, nikaondoka nayo kwa 15,000. Ni ile mizani ndogo ya kuning'iniza: mpini juu, ndoano chini, kioo kinachowaka buluu, betri mbili kama za rimoti. Mwisho wake kilo 50. Jina la kiwanda silitaji, ziko za majina chungu nzima na zote zimetoka tumbo moja.

Nimeitumia msimu mzima huku Kitangari, imetundikwa kwenye tawi la mkorosho nyuma ya nyumba. Kazi niliyoinunulia ni moja: nijue kilo zangu kabla sijapeleka ghalani, nisiwe mtu wa kusomewa tu.

Nianze na siku iliyoniaibisha. Kiroba nilikijaza mwenyewe, nikajitwika kutoka shambani mpaka nyumbani. Kukitundika, kioo kikasema 88.2. Nilifurahi, wallahi. Nikaanza kupanga bati na ada za shule. Miaka yote hii natwika korosho, shingo yangu inaijua kilo arobaini kama inavyoujua mto wa kulalia, na shingo ilishasema arobaini. Lakini nikaona yenyewe ndiyo iliyokosea, labda nimepata nguvu mpya uzeeni. Mjukuu wangu wa darasa la tano ndiye aliyeniambia, "Bibi, hapo pameandikwa lb." Kumbe alikichezea kitufe cha katikati. Ratili za Kiingereza! Ukiminya tena inakuja jin, kipimo cha Wachina, nusu kilo.

Mie niliwahi kusoma falsafa kidogo Dar es Salaam kabla sijaishia kufundisha uraia sekondari, na siku ile nilimkumbuka Albert Borgmann, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Montana, Marekani. Alisema vifaa vya kisasa vinatupa matokeo na kuficha njia ya kuyapata. Mfano wake ni meko. Meko inamtaka mmoja achanje kuni, mwingine awashe, wote wakusanyike. Mashine ya kupasha nyumba joto inakupa joto peke yake, na jinsi linavyopatikana limefichwa ukutani. Mizani ya mjomba wangu dukani ni meko: sahani mbili, mawe, mkono wa chuma unaoyumba, na kila aliyesimama pale anaona unalala upande gani. Watu wanabishana, wanataniana, mwisho wanakubaliana. Hii yangu imebakiza jibu. Ndani mna kipande cha chuma kinachopinda kiasi ambacho jicho halioni, umeme unaopita juu yake unabadilika kidogo, halafu namba inatoka. Nimejifunza hivyo baadaye. Siku ya 88.2 sikuwa na habari wala sikujali.

Nilimpelekea mjomba aione. Akaipindua-pindua. "Mpwa wangu, jiwe likichongwa utaliona. Hiki kikidanganya utakichungulia wapi?" Nikamwambia hata kilo yenyewe siku hizi haina jiwe: ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris tangu 1889, wakaja kukistaafisha tarehe 20 Mei 2019, sasa kilo inatokana na namba ya fizikia isiyobadilika. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na hilo jiwe wamemuuzia nani?"

Sitaki lakini nionekane naimba sifa za zamani. Zamani yetu ina kangomba, yaani walanguzi kununua korosho kwa kopo badala ya mizani, na kopo la kangomba nalo lilionekana na kila mtu, tukaibiwa huku tunaangalia. Kuona peke yake hakujatuokoa.

Na hapa lazima niitendee haki mizani hii. Misimu miwili nilikuwa nimenuniana na karani wa ghala moja, nikiamini ananikata. Mwaka huu nilipima kiroba 40.3, nikakianika siku mbili zaidi, nikapima tena: 39.6. Unyevu ndio uliokuwa unaniibia. Nilikwenda kumwambia yule kijana yaishe, akacheka, akaniletea kiti.

Kuhusu usahihi: chukua dumu la lita 20, lipime tupu, kisha lijaze maji mpaka alama. Tofauti iwe kilo 20. Yangu inatoa 20.1, si haba. Upepo ukipiga kiroba namba zinacheza, subiri zitulie. Mvua haipendi. Ndoano ni nyembamba, na juu ya kilo 45 inanitia wasiwasi, tawi nalo linalia. Na si ya biashara: mizani ya kununulia na kuuzia ni ile iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, hii ni ya kujiridhisha nyumbani tu.

Tangu msimu wa 2024/2025 hata mnada wenyewe umeingia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, mnunuzi anaweka bei bila kuigusa korosho. Sina ugomvi nao. Ila nimejiwekea utaratibu: najitwika kwanza, nasema kilo kwa sauti, mjukuu anaandika kwenye daftari, ndipo tunawasha kioo. Juzi nilisema thelathini na nane, kikasema 37.8.

Ukiinunua, kile kitufe cha katikati kibandike plasta. Mie nimeshakibandika.