Dawa ya kave yenye unyevu: ipi ununue Bukavu, ipi uache dukani

Tangu mvua za mwezi wa tisa zirudi, malalamiko ya wasomaji ni yale yale: ukuta wa kave, yaani chumba cha chini ya nyumba, ulipakwa rangi "ya kuzuia maji", na sasa rangi imevimba kama chapati. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka na kutoa maji, na chini yake kuna unga mweupe. Unga huo ni chumvi ya simenti na matofali. Maji yameiyeyusha yakaja nayo hadi juu.

Bukavu tunachimba mlima ndipo tunajenga, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa kave umeegemea udongo wa mfinyanzi, ambao ukishashiba maji hauyaachii upesi. Maji yanasukuma kutoka nje, wewe unapaka ndani. Rangi nyingi za ndoo zinataka kukaa upande ule maji yanakotokea, ili yazikandamize ukutani. Upande wa pili yanazibandua tu. Basi swali la kwanza dukani, ambalo karibu hakuna anayeuliza, ni hili: dawa hii inavumilia maji yanayoisukuma kutoka nyuma?

Ya kwanza kwangu ni SikaTop Seal 107 ya Sika, kampuni ya Uswisi, na sifichi kwamba naipendelea. Ni simenti iliyoongezewa dawa, kwa hiyo inashikana na ukuta wenyewe. Inauzwa mbili kwa pamoja: maji ya dawa kwenye bidoni (dumu) na unga kwenye mfuko. Hesabu kilo 2 hivi kwa mita ya mraba kila mkono (tabaka), mikono miwili. Ukuta wa mita 4 kwa 2.5 unakula kilo 40, kwa hiyo nunua seti mbili za kilo 25.

Bandua plasta na rangi ya zamani mpaka tofali au zege lionekane. Sugua chumvi kwa burashi ya waya, kisha jaza mkunjo wa ukuta na sakafu kwa mchanganyiko wa simenti na mchanga uliolala mshazari, maana hapo ndipo panapovuja kwanza. Lowesha ukuta uwe na unyevu bila maji kutiririka, upake mkono wa kwanza kwa wima na wa pili kwa mlalo. Usikoroge seti nzima kama uko peke yako, inaanza kukaza baada ya nusu saa hivi. Tundu linalobubujika usilipake. Lizibe kwanza kwa simenti ya kukaza haraka.

Ya pili ni Sika-1, inayotiwa ndani ya maji ya kukorogea plasta. Inafaa kama plasta yote unaitoa. Kipimo kiko kwenye bidoni, na fundi anayekisia kwa kikombe cha chai umwondoe.

Gudroni (lami) ni ya nje, kabla ya kufukia udongo. Rangi ya mafuta na karatasi ya plastiki vinaficha tu.

Sasa wauzaji. Kuna kinkayeri, maduka ya vifaa vya ujenzi, zinazofungua seti na kuuza unga kwa kilo, eti "utachanganya na maji ya kawaida". Bila bidoni yake, huo ni unga wa simenti wa bei ya dhahabu. Wengine wanakwangua tarehe, na mfuko uliokaa karibu na mlango una mabonge ndani. Uminye kabla ya kulipa; ukisikia mawe, uuache. Na bei! Dola ikipanda, bei ya faranga inapanda siku ile ile. Dola ikishuka, bei haishuki, ati mzigo ni wa zamani.

Kabla ya kutoa hata dola moja, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kila upande ukutani, uzibe kingo zote kwa skochi, ukiache usiku kucha. Matone yakiwa kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa, na unachohitaji ni tundu la hewa. Pesa ikibaki, nunua bomba la PVC la milimita 110, ulitoboe na ulilaze nyuma ya nyumba ndani ya changarawe, likishuka sentimita 1 kila mita, liondoe maji kabla hayajafika ukutani.