Korg SV-2 ya funguo 73: kwaya ya Kigoma ikinunue?

Kabla ya kutoa hela, jueni kwamba hiki si kinanda cha biti. Mpigaji aliyezoea kubonyeza mdundo kisha mashine imsindikize atakiona kitupu. Korg walikitoa mwaka 2020 kwa wapenda piano za umeme za zamani, Rhodes na Wurlitzer hasa. Kwaya yenye drams na gitaa la besi ndiyo itakayokifaidi.

Sauti ziko 72, na Rhodes ndiyo utamu wenyewe: ukiachia ufunguo unasikia kikelele kidogo cha kizuio kikigusa chuma, kama kwenye piano halisi. Ndani kuna valvu iitwayo Nutube, ya kuikwaruza sauti, na haikuwekwa kwa urembo. Ongeza ukwaruzi hadi robo: kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya taratibu inatoka safi, ukiigonga kwa nguvu inakwaruza. Ukivuka nusu, kodi za chini zinavurugana na waimba besi wanapoteza noti yao. Kwa nyimbo za ibada, zima kabisa.

Ogani ni ya kuridhisha tu. Zile fimbo za kuvuta za ogani ya Hammond, za kubadilisha sauti, hazipo. Gurudumu la kupinda noti nalo halipo, na hapo wapenda solo za rumba wataumia.

Funguo ni nzito upande wa chini, nyepesi juu, kama piano. Uzito wake ni kilo 17 na ushee, kwa hiyo bodaboda bila sanduku gumu ni kutafuta balaa. Kama mzigo unakuja hadi huku mwisho wa reli, sanduku hilo linunuliwe pamoja na kinanda. Toleo la SV-2S ndilo lenye spika zake, linafaa mazoezi.

Kanisani tumieni matundu ya XLR (yale ya pini tatu) kwenda kwenye mikisa. Waya wa jeki wa mita 10 huokota mngurumo wa umeme njiani. Washa kinanda kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Umeme ukikatika, zima spika hapo hapo, la sivyo ukirudi zitapiga mshindo. Stabilaiza si anasa.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Noti moja ikianza kulia kwa nguvu isiyo ya kawaida hata ukiigusa taratibu, mara nyingi uchafu umeingia kwenye mpira wa mguso chini ya ufunguo. Fundi afungue, asafishe kwa spiriti safi, aache ikauke. Asipulizie mafuta ya kulainisha bawaba: yataganda na vumbi, na noti za jirani zitafuata.