Rangi ya almasi ya pete ya uchumba: kati ya D na K, ipi inastahili bei yake?

Katika cheti cha almasi, herufi ya rangi ndiyo inayowapotezea wanunuzi pesa nyingi bila sababu. Kipimo cha GIA, taasisi ya Marekani ya kupima vito, kinachotumika tangu miaka ya 1950, huanzia D, jiwe lisilo na rangi kabisa, na kuishia Z, lenye umanjano au ukahawia unaoonekana waziwazi. Herufi A, B na C ziliachwa makusudi, kwa kuwa wauzaji walikuwa wamezitumia ovyo katika vipimo vyao vya zamani. Umanjano wenyewe mara nyingi hutokana na naitrojeni iliyonaswa ndani ya jiwe lilipokuwa likijiunda ardhini.

Mpimaji husoma rangi jiwe likiwa kifudifudi, uso chini na ncha juu. Hulitazama kwa ubavuni, chini ya taa maalumu, kando ya mawe ya kulinganishia. Mvaaji wa pete huliona kwa juu. Ukilitazama kwa juu, jiwe la duara lililokatwa vizuri hurudisha mwanga mwingi hata umanjano mdogo ukamezwa na mng'ao. Ndiyo maana G na D zikikaa kwenye pete mbili tofauti, watu wengi hawawezi kusema ipi ni ipi, ingawa bei zake zimeachana mbali.

Kwa jiwe la duara la karati 1, lenye kipenyo cha takriban milimita 6.5, kwenye platinamu au dhahabu nyeupe, chaguo letu ni H. I inafaa pia ikiwa mkato ni wa daraja la juu kabisa. Chini ya nusu karati hata J haisumbui, bali ukivuka karati 2 panda hadi G, kwa sababu jiwe kubwa huonyesha rangi zaidi. (Karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi wa madini. Ukisikia dukani "karati 18", inayozungumzwa ni pete, si almasi.)

Umbo hubadilisha hesabu hii. Jiwe la mstatili lenye mikato ya ngazi ni kama dirisha, halifichi kitu, kwa hiyo usishuke chini ya H. Umbo la yai na la tone la maji hukusanya rangi kwenye ncha. Jiwe linaweza kuwa jeupe katikati na pembeni likawa na kivuli cha chai. Omba uligeuze mwenyewe, na uzitazame ncha kwanza.

Dhahabu ya njano, inayopendwa sana Pwani na Ghuba, ndiyo yenye nafuu kubwa. Kucha za njano, yaani vijino vya chuma vinavyolishika jiwe, huakisi rangi yake ndani ya jiwe, hivyo kununua D kisha kuikalisha humo ni kulipia weupe utakaofunikwa. Hapo J au K hupendeza kweli, kwa kuwa jicho hulinganisha jiwe na chuma kilicho kando yake. Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na pete yenye vijiwe vidogo kuzunguka jiwe kuu: vijiwe vyeupe sana vitaifanya J ya katikati ionekane njano. Tofauti isizidi herufi moja au mbili. Dhahabu nyeupe nayo huchovywa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na tabaka hilo hulika kwa kuvaliwa. Umanjano ukitokea baadaye, chunguza chuma kabla ya kulilaumu jiwe.

Usikubali kuamua chini ya taa za kabati la duka, kwani hapo kila jiwe linametameta. Safisha jiwe kwa spiriti, maana mafuta ya vidole huongeza kivuli. Kunja karatasi nyeupe iwe kama mfereji, lilaze jiwe kifudifudi humo karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha weka kando yake jiwe jingine ambalo herufi yake inajulikana. Jiwe liwe bado halijafungwa. Likishafungwa kwenye pete, hata maabara ya kupima vito hutoa makadirio tu.

Mulika pia kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Baadhi ya almasi huwaka bluu. Kwenye I hadi K bluu hiyo hupunguza umanjano mchana, na mara nyingi jiwe huuzwa kwa bei ya chini. Kwenye D hadi F yenye mwako mkali, litazame juani kama halina ukungu wa maziwa.

Usilinganishe bei ya G ya maabara moja na G ya nyingine, kwani baadhi hutoa herufi za juu kwa ulegevu. Kwa almasi zilizotengenezwa maabara, mwaka 2025 GIA yenyewe iliacha kuzipa herufi na kuziweka katika makundi mawili tu. Almasi hizo weupe wake hauna uadimu wa kulipia.

Mawe mengi yenye cheti huwa na namba iliyochongwa kwa leza kwenye kiuno, ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe. Isome kwa lenzi ya kukuza mara 10 kabla ya kumwachia sonara, kisha mwombe asiifunike kwa kucha, uisome tena siku ya kuchukua pete.