Vitufe vya usukani na kompyuta ya gari: ununue nini Nairobi

Ukishang'oa redio ya Kijapani kwenye Fielder au Premio na kuweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye skrini ya kugusa mahali pake, kitu cha kwanza utakachokikosa ni vitufe vya usukani. Vipo pale pale chini ya kidole gumba, usiku vinawaka taa, lakini ukibonyeza hakuna kinachotokea. Skrini haiwezi kuziba pengo hilo. Uko Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni, matatu inakuingilia kutoka kushoto, bodaboda inapita kulia. Si wakati wa kutafuta alama ya sauti kwenye kioo. Mimi kazi hii naihesabu kuwa ya usalama kabla ya kuwa ya starehe.

Wengi wetu tunafika hapa kwa sababu ileile. Redio iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa FM ya Japani inayoanzia 76 MHz, haifiki 108 kama yetu, na maandishi yake ni ya Kijapani. Tunaitoa. Vitufe vinabaki yatima.

Kabla ya kununua chombo chochote kati ya hivi ninavyovipanga hapa chini, nunua multimita, yaani kipima umeme. Ya bei ya chini kabisa Luthuli Avenue inatosha. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakinunua chombo kwanza, halafu wakagundua kwamba gari lao halizungumzi lugha ya chombo hicho.

Pima hivi. Chomoa plagi ya nyuma ya redio. Kwenye Toyota nyingi, vitufe vinafika hapo kwa nyaya tatu: SW1, SW2 na SWG, ambayo ndiyo ardhi (waya wa hasi) ya vitufe. Weka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, kati ya SW1 na SWG, kisha mwambie mtu abonyeze kitufe kimoja kimoja. Kwa kawaida utaona hivi: kuruka mbele karibu 0, kurudi nyuma 330 hivi, kuongeza sauti 1,000, kupunguza kama 3,100, na mkono ukiwa mbali na vitufe kama 100,000. Kila kitufe kina rezista yake, na vyote vinne vinapita kwenye waya mmoja. Andika namba za gari lako mwenyewe, usitegemee zangu.

Kama namba hazibadiliki hata ukibonyeza kwa nguvu, huenda vitufe vinatuma data badala ya ukinzani. Magari mengi ya Ulaya yako hivyo. Ruka hadi nafasi ya nne.

Tahadhari moja, na tafadhali ichukue kwa uzito. Kazi hii yote hufanyika nyuma ya redio, kwa hiyo huna sababu ya kufungua usukani. Ukilazimika, toa waya wa hasi wa betri, ngoja angalau sekunde 90, na usiguse plagi za manjano kwa multimita. Hizo ni za mfuko wa hewa wa usalama, na umeme mdogo wa multimita unaweza kuulipua.

Nafasi ya kwanza: Raspberry Pi Pico

Ubao huu mdogo wa kupangiwa programu, tofauti na Raspberry Pi ya skrini, ulitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Hapa utalipa zaidi, lakini bado uko miongoni mwa vitu vya bei nafuu dukani. Uzuri wake ni kwamba unaweza kujifanya kibodi ya USB. Unasoma volti ya kitufe, unaitafsiri kuwa "ongeza sauti" au "wimbo unaofuata", halafu unaituma kwa kompyuta kama vile mtu amebonyeza kibodi ya kawaida. Linux inaelewa, Windows inaelewa, Android inaelewa. Mwaka kesho ukibadilisha kompyuta ya gari, unachomoa waya wa USB hapa na kuuchomeka pale, basi. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendelea njia ya kibodi kuliko nyingine zote.

Unganisha hivi: rezista ya omu 1,000 kutoka pini ya volti 3.3 hadi waya wa SW1, na kutoka hapohapo uingie pini ya kusoma volti, GP26. SWG iende kwenye ardhi ya Pico, si kwenye chuma cha gari popote tu. Kwa namba za omu nilizotaja hapo juu utapata volti 0, 0.82, 1.65, 2.5 na 3.27. Kipimo cha Pico kina kelele kidogo, lakini nafasi kati ya kitufe na kitufe ni pana, haikusumbui. Weka mipaka katikati ya hizo namba, usiibane, kwa maana vitufe vya gari lililokaa barabarani miaka mingi huchakaa na ukinzani wake hupanda. Soma mara kadhaa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kukubali kwamba kitufe kimebonyezwa. SW2 inaingia GP27 kwa njia hiyohiyo, na rezista yake.

Kilichoipa Pico ushindi, hata hivyo, ni kwamba si rahisi kuiua kwa programu mbaya. Shikilia kitufe cha BOOTSEL unapoichomeka, inajitokeza kama flashi na unaanza upya. Ukitumia CircuitPython, lugha rahisi ya kuipangia programu, mipaka yako inakaa kwenye faili ya maandishi unayoweza kuihariri ukiwa umeketi ndani ya gari. Kama hujui kuchoma solda, omba Pico H, ambayo pini zake zimeshachomewa.

Usiruhusu waya wa taa za vitufe ukaribie ubao huu. Ule ni wa volti 12.

Nafasi ya pili: Pro Micro

Huu ni ubao mwingine mdogo, unaopangiwa kwa programu ya Arduino. Nao unajifanya kibodi, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa chaguo la watu wa kazi hii. Kuna toleo la volti 5 na la volti 3.3, na ndipo nilipoumia. Duka moja lilinipa la 3.3 nilipoomba la 5. Nikalipakia programu kwa mpangilio wa toleo la 5 na ubao ukatoweka kwenye kompyuta. Niliurudisha kwa kugusisha pini za RST (kuanzisha upya) na GND (ardhi) mara mbili haraka, kisha kupakia upya ndani ya zile sekunde 8 inazokupa. Kwa anayeanza, ni jioni nzima imeharibika.

Ukiununua, soma maandishi ya chipu kabla ya kulipa. Yawe ATMEGA32U4. Muuzaji akikupa Nano, ubao mwingine wa Arduino, yenye ATMEGA328P na kusema ni kitu kilekile, mrudishie: hiyo haiwezi kuwa kibodi bila kuzungushwa sana. Na vitufe vya muziki havimo kwenye maktaba ya kawaida ya Keyboard ya Arduino, tumia maktaba ya HID-Project.

Nafasi ya tatu: chipu ya kusomea volti

Raspberry Pi yenyewe haina pini ya kusoma volti zinazopanda na kushuka, ndiyo maana utahitaji ADS1115 au MCP3008. Inafanya kazi vizuri. Lakini programu ya kusoma vitufe sasa inakaa ndani ya kompyuta kubwa, na nyaya za gari zinafika moja kwa moja kwenye pini zake. Kosa moja la waya, unapoteza kompyuta nzima badala ya ubao wa bei ndogo.

Nafasi ya nne: kifaa cha CAN

CAN ni mtandao wa nyaya ambao vifaa vya gari hutumiana data. Kwa gari ambalo vitufe vyake vinatuma data, hii ndiyo ya kwanza. Nunua cha USB chenye programu ya candleLight. Linux itakiona kama can0. Moduli za chipu ya MCP2515 ni nafuu zaidi, ila nyingi zina chipu ya pili, TJA1050, inayotaka volti 5, nazo pini za Raspberry Pi zinavumilia 3.3 tu. Chochote utakachochukua, ondoa kiunganishi cha rezista ya omu 120, kwa sababu gari tayari lina zake mbili, na weka hali ya kusikiliza tu. Kwenye nyaya hizo yanapita pia mambo ya injini na breki.

Nafasi ya tano: vitufe vya Bluetooth vya kufunga usukanini

Kwa Probox au Vitz isiyo na vitufe kabisa, vinafaa kuanzia. Lakini betri ya CR2032 huisha siku usiyoitarajia. Kuna njia nyingine: vitufe halisi vya mtumba, vilivyotolewa kwenye magari ya Japani, kwenye maduka ya spea za Kirinyaga Road. Hakikisha kwanza kwamba utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani wako una njia za vitufe, la sivyo utaununua nao pia, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua mifuko ya hewa.

Ya mwisho: maboksi ya redio

ASWC-1 ya Axxess na SWI-RC ya PAC ni vifaa vizuri kwa kazi yake, yaani kuunganisha usukani na redio za dukani. Kompyuta uliyojitengenezea haimo kwenye orodha yake. Usiache pesa hapo.

Unapolipia Pico, lipia pia rezista mbili za omu 1,000 na waya wa USB, na uujaribu waya huo palepale kaunta kwa kompyuta yao. Nyingi zinazouzwa mjini ni za kuchaji simu tu, hazina nyaya za data ndani, na utakaa ukilaumu ubao usio na kosa.