BetBlocker: nimejifungia miezi 6

Mimi ni mchomeleaji, karakana yangu iko Katuba, Lubumbashi. Mteja alinipa pesa za vyuma vya mlango. Usiku nikaziweka zote kwenye mechi za timu ambazo hata wachezaji wake siwajui. Zikaliwa. Nikakopa ili nizirudishe, nazo zikaliwa. Mama watoto nikamdanganya kwamba mteja hajalipa. Hapo nikajua sichezi tena, nachezwa.

Mdogo wangu ndiye aliyeniwekea BetBlocker kwenye simu, programu inayozuia tovuti za kubeti. Ni ya bure, tena haikuulizi jina. Unachagua muda, kuanzia masaa 24 hadi miaka 5, na ukishakubali huifungui kabla haujaisha. Nilichukua miezi 6. Wiki ya kwanza nilijaribu kuingia mara nne, saa nane za usiku (aibu, lakini ndiyo kweli). Ukurasa ulikataa kabisa.

Haiwezi kuzuia kibanda cha kubeti cha kando ya barabara, wala simu ya rafiki. Kwa hiyo malipo ya kazi sasa yanaingia kwenye M-Pesa ya mama watoto, na mimi naomba ya taksi kama mwanafunzi. Mlango wa yule mteja niliupeleka, umechelewa wiki 5.